Ngazi Kumi za Wanyama wa Nyumbani, Kuanzia Ile ya Aibu

Paka akiacha kupanda juu ya friji, wenye nyumba humpongeza: kumbe amekua, ameacha udokozi. Poleni. Hajaacha kitu, viungo vinamuuma. Mwaka 2002 madaktari wa mifugo wa Marekani walitoa matokeo ya picha za eksirei za paka 100 waliovuka umri wa miaka 12, na kwa paka 90 kati ya hao viungo vilionekana vimeanza kuchakaa. Paka halalamiki, na mara nyingi hata hachechemei. Anaitazama friji, anakutazama wewe, halafu analala sakafuni akijifanya ndivyo alivyopanga tangu asubuhi.

Mbwa naye ana siasa zake. Kwenye nyumba nyingi za Pwani haingii ndani, hilo halina mjadala, na anachotaka ni kupanda barazani au kwenye buti la gari. Kwenye nyumba nyingine, hasa zile za ghorofa za Masaki na Kilimani, mbwa ana upande wake wa kitanda na baba mwenye nyumba ndiye anayeomba nafasi. Ugomvi huo siuingilii. Ninachojua ni kwamba ngazi ya wanyama ya dukani ukiulizia bei unatafuta pa kukaa, na ukishakaa unakumbuka kuwa mbao zipo, misumari ipo, na fundi yupo pale kona anakunywa chai.

Basi nimezipanga kumi, kuanzia ile ya kuficha wageni wakija. Kila moja nimeipima kwa maswali matatu: inatikisika? inateleza? inapanda ghafla mno? Habari za urembo sikuuliza, kwa sababu mwenye kuitumia naye haulizi.

10. Ndoo iliyopinduliwa

Tusipoteze muda. Ndoo ya lita 20, mdomo chini, kando ya kitanda. Inateleza, inapiga kelele usiku wa manane, na alfajiri mama anaitafuta akachotee maji. Mnyama mwenye akili anaikataa. Asiye na akili anaipanda mara moja, na kuanzia hapo ana akili.

9. Kreti za soda

Hapa angalau kuna dalili za uhandisi. Kreti moja mbele, mbili zilizobebana nyuma yake, tayari una ngazi mbili ngumu ambazo hata wewe ukikaa hazilalamiki. Kasoro ni vile vyumba vya chupa: mguu wa paka mdogo unazama mle mpaka begani. Kwa hiyo funika juu kwa ubao, fungia kreti kwa kreti kwa waya, tandika kipande cha kapeti. Kimo cha kreti bado ni kirefu kwa mbwa mzee, lakini paka wa makamo ataimudu.

Kasoro ya pili haina dawa ya kifundi. Mangi wa dukani anazijua kreti zake kwa idadi, na siku akija kudai, paka wako anaamka na kukuta ghorofa imevunjwa.

8. Godoro kuukuu

Wazo linavutia: sponji ipo, kisu cha mkate kipo, kata vipande vitatu, panga, shona foronya. Laini, haiumizi, haipigi kelele. Sasa mwangalie mbwa mwenye nyonga mbovu akikanyaga. Anazama. Mnyama mwenye viungo vibovu anatafuta pagumu pa kusukumia mguu, na sponji iliyochoka inamnyima hicho hicho alichokifuata.

Sponji ngumu, ile ambayo ukiibonyeza kwa ngumi inakurudishia ngumi yako, inafaa. Ivishe turubai chini ya foronya, maana sponji inakunywa mkojo na haisahau.

7. Ubao wa kobe

Huu si wa kupandia kitandani. Kobe wako akiwa analala kitandani, naomba tuzungumze faragha.

Ubao huu ni wa kutokea majini. Birika la bustani au bwawa lenye kingo zilizonyooka ni mtego: kobe akitumbukia, kalunguyeye akitumbukia, kifaranga akitumbukia, hakuna pa kushika. Laza ubao wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kukatiza, ncha moja chini majini na nyingine ukingoni, fungia jiwe usielee. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao wakongwe wao wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hawahitaji ubao wowote. Wao wamekaa mahali pamoja, na dunia ndiyo inayopanda boti kuwafuata.

6. Kikapu na kamba

Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash pale Forodhani, Unguja, mwaka 1883, linasifika kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Kwa hiyo starehe ya kupanda bila kukanyaga tumeizoea muda mrefu. Na wakazi wa ghorofani wanaijua lifti ya maskini: kikapu kinateremshwa kwa kamba, muuzaji anaweka mkate, kikapu kinapanda.

Kisha mtu mmoja mwerevu anaamua kumweka paka.

Mkate haubadili mawazo katikati ya safari. Paka anabadili, na hasa mnapofika usawa wa dirisha la jirani anayekaanga samaki. Namba sita nimeitoa kwa heshima ya Sultani tu.

5. Ngazi ya banda la kuku

Najua, unauliza tangu lini kuku akawa kipenzi. Nenda nyumba yenye jogoo aliyepewa jina na watoto, kisha pendekeza pilau.

Kuku akiona giza anataka juu. Wa kienyeji atakwenda mwembeni bila kukuuliza. Mwenye mwili, mathalani kuchi aliyenenepeshwa, naye atajitahidi, na balaa lake si kupanda bali kushuka: anajirusha asubuhi, anatua kwa kishindo kwenye sakafu ngumu, unyayo unachubuka, bakteria wanaingia, na baada ya siku chache ana jipu gumu chini ya mguu. Ubao mmoja wenye upana wa sentimita 20 au 25, vijiti vilivyopigiliwa kila baada ya sentimita 15, usimame kwa ulalo usiozidi nyuzi 45. Vijiti vipigwe msasa pembeni. Ni ngazi ya bei ndogo kuliko zote humu, na mtumiaji wake atailipa kwa mayai, jambo ambalo paka hajawahi kulifikiria.

4. Ngazi za ukutani, mtindo wa Bern

Waswisi wana jambo lao. Katika mji wao mkuu wa Bern, paka anayeishi ghorofani ana haki ya kutoka na kurudi atakavyo, na ili haki hiyo isiwe ya karatasi, watu wamejenga ngazi kwenye kuta za nje. Kuna mbao nyembamba zenye vijiti zinazotoka bustanini hadi roshani ya juu. Kuna vibao vilivyochomekwa ukutani kimoja kimoja, kushoto, kulia, kushoto. Kuna za mzunguko, na kuna zinazoanzia kwenye mti na kumalizia dirishani. Nyingi zimeundwa na wenyewe, kwa mbao zilizokuwa stoo. Brigitte Schuster, mbunifu wa michoro anayeishi mjini humo, alizunguka akizipiga picha moja baada ya nyingine, na mwaka 2019 akazitolea kitabu kizima. Kitabu. Cha ngazi za paka. Sisi hata ngazi za binadamu za baadhi ya majengo yetu hazijaandikiwa barua.

Ningependa kuipa nafasi ya kwanza, maana inapita mitihani yote mitatu ikichomekwa vizuri: kibao kifupi kilichoshikwa ukutani hakina pa kutikisikia. Lakini tuijaribu Kariakoo. Kwanza umweleze mwenye nyumba kwamba unatoboa ukuta wake kwa ajili ya paka. Akishamaliza kucheka, umweleze kwamba si ukuta wa ndani. Halafu jiulize ni nani mwingine atakayeipanda. Wembamba wake unamzuia mwizi, hilo nakubali. Haumzuii panya, haumzuii kicheche, na haulizuii lile dume la mtaa wa pili lenye sikio nusu, ambalo litafika kwako kila saa ya chakula cha jioni likiwa na sura ya mtu aliyealikwa.

Wapo watakaosema: ya nini ngazi, si paka hutua kwa miguu? Ni kweli anajigeuza hewani. Mfaransa Étienne-Jules Marey alilionyesha hilo kwa picha za mfululizo mwaka 1894, paka aliyeachiwa mgongo chini akatua miguu chini. Na ni kweli pia kwamba ripoti ya New York ya mwaka 1987 ilihesabu paka 132 walioanguka kutoka ghorofani, na asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Ila hao ni waliofikishwa kwa daktari. Aliyekufa pale pale hakupelekwa kokote, na hakuhesabiwa. Weka wavu dirishani, na vibao vyako vichomeke ndani, kwenye ukuta wa sebule, kimoja kila sentimita 30 hivi. Wapenzi wawili wa paka kule San Diego, Bob Walker na mkewe Frances Mooter, waliijaza nyumba yao njia za juu kwa juu zenye jumla ya zaidi ya mita 40. Paka wao walisafiri chumba hadi chumba bila kukanyaga sakafu. Kwenye foleni ya Mwenge mtu angetamani hivyo hivyo.

3. Nguzo ya katani

Hii ni yetu, na naomba isimamiwe.

Paka wa London, wa Tokyo, wa Toronto, wote wakinoa makucha kwenye ile nguzo iliyozungushiwa kamba, kamba yenyewe mara nyingi ni katani. Mkonge asili yake ni Meksiko, lakini Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893. Miche ilitumwa elfu moja. Iliyofika Tanga hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 iliyogoma kufa yakaja mashamba ambayo, miaka ya mwanzo ya 1960, yaliifanya Tanganyika iongoze dunia kwa katani. Basi ukiagiza nguzo ya paka kutoka ng'ambo, huenda unailipia kamba ya Tanga nauli ya kwenda na kurudi.

Fanya hivi. Tafuta mrunda ulionyooka, ule ule wa kushikizia zege, uliokauka na kumenywa gamba. Ukate uwe na kimo cha mita moja na nusu. Chini weka plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, piga skrubu ndefu kutokea chini, kisha ongeza vyuma vya pembe pande zote nne. Hapa ndipo watu wanapobania pesa na hapa ndipo nguzo inapoanguka. Kabla ya kamba, fungia vibao vya nusu mwezi vikizunguka nguzo, kimoja kila sentimita 30, au 20 paka akiwa mzee. Kisha zungusha kamba ya milimita 8 katika nafasi zilizobaki, gundi ya mbao kila baada ya mizunguko michache, na kila mzunguko uugonge kwa nyundo ubanane na mwenzake. Ukilegea sehemu moja, paka ataigundua kabla ya jioni na atafumua nguzo nzima kwa raha zake.

Vibao ni vya kushukia zaidi kuliko kupandia. Makucha ya paka yamepinda kuelekea nyuma, yanashika vizuri akiwa anapanda; akigeuza kichwa chini hayashiki kitu. Chui anashuka mti kichwa mbele na mzoga mdomoni. Mdogo wake wa sebuleni inabidi ashuke kinyumenyume, na heshima yake hairuhusu kuonekana hivyo, ndiyo maana anakaa juu analia mpaka mtu alete kiti. Mpe vibao, ashuke kifalme.

Ukiwa na paka wa Sokoke, ruka namba hii. Huyu ni wa kwetu pia, wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, manyoya mabaka ya gome la mti, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele. Mwaka 1978 watoto wake walichukuliwa na mkazi mmoja wa huko, miaka michache baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na leo ana vyeti vya ukoo kuliko mimi na wewe. Huyo mwachie kabati lote.

2. Mteremko

Kuna mbwa aliyeumbwa kwa ajili ya namba mbili. Dachshund, wa Kijerumani, kiwiliwili kirefu, miguu ambayo ni kama fundi aliishiwa mbao. Miguu ile mifupi inatokana na nakala ya ziada ya jeni, na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliitambua nakala nyingine inayozifanya diski za uti wa mgongo zikauke na kuwa ngumu mbwa akiwa bado kijana. Diski ya namna hiyo ikipasuka inabana uti, na mbwa anaweza kuamka miguu ya nyuma haimsikii. Karibu mmoja kati ya watano, wengine husema wanne, hupatwa na maradhi ya diski maishani. Ubao hautibu jeni. Ila unamwondolea mruko wa kutoka kwenye kochi mara ishirini kwa siku, kila kengele ya mlango inapolia.

Hesabu yake ni ya darasani. Ulalo wa kustahimilika kwa mzee au mwenye miguu mifupi ni nyuzi 20 hivi. Kochi la kimo cha sentimita 45 linataka ubao wa mita 1.3. Kitanda cha sentimita 60 kinataka mita 1.75, na hapo kwenye chumba cha kupanga lazima mmoja kati yenu ahame. Ndiyo maana mteremko umeikosa nafasi ya kwanza, maskini.

Juu usiweke mkeka, unateleza. Kata mpira wa ndani wa tairi kuukuu vipande, gundisha vikikatiza, au tumia kapeti yenye nyuzi fupi. Pembeni pigilia papi za kumzuia asidondoke. Kwa ajili ya buti la gari, tengeneza mbili fupi ziungane kwa bawaba, zikunjwe, zisafiri naye. Na tafadhali, mbao zile za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa ziache ziezekee nyumba. Nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki, na mbwa ni mtu wa kuonja kwanza kisha kufikiri.

1. Masanduku matatu

Nilipeleka mchoro Keko, kwa fundi seremala mmoja mwenye penseli sikioni.

"Bosi, ngazi ya nani hii?"

"Ya mbwa."

"Mbwa mlinzi?"

"Mbwa mstaafu."

Akaugeuza mchoro, akautazama tena. "Mimi kwangu darini napanda kwa stuli," akasema. Halafu akachukua futi, kwa sababu fundi wa kweli akishacheka anapima.

Kitanda cha sentimita 60 kinahitaji masanduku matatu: la sentimita 15, la 30, la 45. Kutoka la tatu kuingia kitandani zimebaki 15 nyingine, kwa hiyo kila hatua ni sawa na mwenzake, na mnyama hahitaji kuhesabu. Kila sanduku lina upana wa 50 na kina cha 35, ili miguu yote minne ipate mahali kabla ya hatua inayofuata. Ngazi nyingi za dukani zimekatwa kwa miguu miwili, mingine miwili ijitegemee. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, milimita 18, inatosha na chenji inabaki. Gundi kwanza, skrubu baadaye, misumari usiiguse, maana msumari ukianza kulegea unapanda juu na mguu wa kwanza kuujua si wako. Yapange, yaunganishe kwa bolti na nati, ili siku ya kuhama yatenguliwe. Chini gundisha mpira wa tairi. Kabla ya kumkabidhi mwenyewe, kalia kila sanduku. Likilia, rudi kwa fundi.

Kingo zipakwe rangi, hasa macho ya mzee yakiwa yamefifia. Na hapa mashabiki wa Simba mnisamehe: mbwa anaona vizuri bluu na njano, lakini nyekundu kwake ni giza giza tu. Njano anaiona. Ni suala la macho, si la ligi, msianze.

Kisha subira. Usimbebe ukamweka juu. Atajifunza kwamba ngazi ni mahali watu wanapokuweka kwa nguvu. Weka dagaa kwenye sanduku la kwanza, ondoka, jishughulishe na mambo yako. Akilizoea, dagaa apande la pili. Kushuka kufundishe kivyake, kuanzia sanduku la chini, kwa kuwa kwa mzee kushuka ndiko kunakotisha. Kama nyumba ina paka na mbwa, ujue pia kwamba paka atafika kwanza, atakula dagaa wote watatu, atajilaza kwenye sanduku la katikati, na mbwa atasimama chini akikutazama wewe utoe uamuzi. Hiyo kazi fundi hakuitajia bei.